Kiitikio Kilichonakiliwa: Kompyuta ya Nyumbani na Historia ya Kunasa Nyimbo za Ibada

Wataalamu wa fasihi simulizi wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba kiitikio si marudio matupu. Mwimbishaji anapotoa mwito na kundi likamjibu, jibu la pili halilingani kabisa na la kwanza, na la tano hufika likiwa limebeba joto la yote yaliyotangulia. Mmoja huchelewa kidogo, mwingine hudakia kabla ya wakati, na mama aliyeketi nyuma hupanda sauti ya juu ambayo hakuna aliyempangia. Maneno ni yale yale, lakini tendo ni jipya. Ndiyo maana mtafiti anayenukuu wimbo wa jando au wa kutwanga, kisha akaandika katika daftari lake "kiitikio mara sita", hujua kwamba ameandika jibu moja na kuyaacha matano.

Nyimbo za ibada za Kikristo zimeutegemea mtindo huo wa mwito na jibu mahali pengi, na hasa katika Afrika ya Mashariki. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu kubwa ya nyimbo hizo imekuwa ikinaswa majumbani kwa kompyuta ya kawaida, mara nyingi na mtu mmoja ambaye ni mwimbishaji, ni kundi, na ni mpigaji wa ala zote. Katika kazi ya namna hiyo kiitikio huimbwa mara moja, kikanakiliwa, kikabandikwa kila kinapohitajika. Makala hii inakusudia kuifuata njia iliyolifikisha jambo hilo hapo, na kuchunguza linalolipata jibu wakati mwitaji na mwitikiaji ni mtu yule yule, tena hawakuimba kwa wakati mmoja.

Ieleweke kwanza kwamba si kompyuta iliyoanza kukifupisha kiitikio. Kitabu cha nyimbo kilitangulia. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, nyimbo za injili za Marekani, zile zilizotungwa na Fanny Crosby na wenzake na kuenezwa na Ira Sankey katika mikutano ya uamsho, zilijengwa juu ya kiitikio ambacho hata mtu asiyejua kusoma angeweza kukishika baada ya ubeti wa kwanza. Mchapishaji, kwa kubana karatasi, alikipiga chapa mara moja tu. Nyimbo hizo zilipofasiriwa kwa Kiswahili, desturi ile ile ilifuatwa, na katika makanisa yetu vifungu hivyo vikapata jina la pambio. Lakini chapa ilikuwa ufupisho wa maandishi peke yake. Karatasi haiimbi. Waumini walipofika mwisho wa ubeti wa tatu iliwalazimu kukitoa kiitikio upya, kwa pumzi yao wenyewe, na kama mwenye kuongoza alitaka kirudiwe mara mbili hakuna kitabu kilichoweza kumzuia.

Kasoro kubwa ya vitabu hivyo ilikuwa mahali pengine, nayo inafaa kutajwa hapa kwa kuwa itarudi tutakapoifikia kompyuta. Mishororo mingi ya tenzi za Kiingereza huishia kwenye silabi yenye mkazo. Neno la Kiswahili, kinyume chake, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mfasiri aliyelazimika kuitunza tuni ya kigeni alijikuta, karibu kila mwisho wa mshororo, akiutupa uzito wa muziki juu ya silabi dhaifu: mwimbaji hutamka "Mwokozi" kwa kuikandamiza "zi", na "mbinguni" kwa kuikandamiza "ni". Kwa msikiaji wa Kiswahili hilo ni jambo la masikio tu, na mazoea yameliponya. Katika lugha za toni, kama Kikuyu, madhara huzidi, kwa maana tuni inayopanda mahali ambapo neno linashuka yaweza kulifanya neno hilo lisikike kama jingine.

Unasaji wa sauti ulipoingia, ulianza kwa kuwanasa watu waliokusanyika. Mfano mashuhuri ni Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Waluba huko Kamina, Katanga. Kwaya yake iliundwa na padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, na misa yenyewe ikaimbwa na kunaswa mwaka 1958. Sehemu zake nyingi hazikuandikwa kabla. Zilizaliwa katika kuimbishana. Miaka michache baadaye, mwaka 1963, kituo cha Sauti ya Injili kilianza kutangaza kutoka Addis Ababa, na vipindi vyake vya Kiswahili vikawa vikitayarishwa Moshi, mpaka serikali ya mapinduzi ya Ethiopia ilipokitwaa kituo mwaka 1977. Katika studio za zama hizo kwaya ilisimama mbele ya kipaza sauti, ikaimba wimbo mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Akikosea mmoja, wote walianza tena. Msikilizaji wa leo anayezipata kanda za namna hiyo husikia chumba, husikia kikohozi, na husikia vilevile jinsi kiitikio cha mwisho kilivyo kizito kuliko cha kwanza.

Mbinu ya kumwezesha mtu mmoja kujiitikia ilitokea nje ya kanisa kabisa. Mpigaji gitaa wa Marekani, Les Paul, alifanya majaribio katika gereji ya nyumba yake huko Hollywood, akipiga sehemu moja, kisha kupiga nyingine juu yake, na mwaka 1948 akatoa santuri ambamo magitaa yote yalikuwa yake mwenyewe. Mwaka 1951 yeye na mkewe, Mary Ford, wakasikika redioni katika wimbo ambao sauti zote za kike zilizopangwa safu juu ya safu zilikuwa za Mary peke yake. Walikuwa wameunasa nyumbani kwao, New York. Inastahili kuzingatiwa kwamba "kwaya ya mtu mmoja" hiyo ilinaswa nyumbani, wala si katika studio kubwa. Upweke ulikuwa ndani ya mbinu hiyo tangu siku ya kwanza.

Ilichukua miaka ishirini na zaidi kabla ya mbinu hiyo kuwafikia watu wa kawaida. Mapema katika miaka ya 1970 kampuni ya TEAC ya Japani iliuza kinasa sauti cha njia nne ambacho mtu angeweza kukinunua na kukiweka sebuleni. Mwaka 1979 ikatokea Portastudio, iliyonasa njia nne juu ya kaseti ndogo ya kawaida, ile ile iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963. Wakati huo huo aina mpya ya wimbo wa ibada ilikuwa imekwisha kuchipuka huko Kalifornia miongoni mwa vijana walioacha maisha ya kihipi na kuingia kanisani na magitaa yao. Kanisa la Calvary Chapel la Costa Mesa lilitoa santuri yake ya kwanza ya nyimbo hizo mwaka 1971, na Maranatha! Music ikaanzia hapo. Nyimbo zilikuwa fupi, zenye maneno machache, na nyingi zilitungwa kwa ajili ya vikundi vya maombi vya majumbani. Wimbo uliozaliwa sebuleni na chombo kinachokaa sebuleni vilikuwa vimepangiwa kukutana.

Hata hivyo kanda ilikuwa bado na ugumu wake, na ugumu huo ulikilinda kiitikio. Kukata utepe kwa wembe na kuuunga kwa gundi ni ufundi wa studio. Kwenye kaseti ni karibu muhali. Mwenye Portastudio aliyetaka kiitikio mara nne alikiimba mara nne. Akitaka sauti nane, ilimbidi azikusanye sauti tatu katika njia moja, aifute nafasi zilipokuwa, kisha aendelee, na kila mkusanyo uliongeza mvumo wa kanda. Alikuwa peke yake, naam, lakini alichoka, na kuchoka huko kulisikika katika kazi yake.

Kompyuta haikuanza na sauti ya mtu. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana juu ya lugha moja ya kuunganisha ala, MIDI, na mwaka 1985 kompyuta ya Atari ST ikauzwa ikiwa na matundu ya MIDI. Programu kama Cubase, iliyotolewa mwaka 1989, ziliandika noti gani ilibonyezwa, lini, na kwa nguvu gani. Hazikunasa sauti hata kidogo. Sababu ni hesabu nyepesi. Sauti ya kiwango cha CD huhitaji vipimo 44,100 kila sekunde kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia, na dakika moja hula megabaiti 10 na zaidi. Diski ngumu ya megabaiti 40, ambayo mwaka 1990 haikuwa ndogo kwa kompyuta ya nyumbani, ingejaa kabla dakika 4 hazijatimia. Kwa hiyo mwanamuziki wa kanisa aliyekuwa na Atari alikuwa na ngoma, besi na kinanda visivyochoka, lakini mwimbaji wake alibaki kwenye kanda.

Hapo ndipo gridi ilipoingia, na jambo hili lingestahili kuangaliwa zaidi kuliko linavyoangaliwa. Programu hizo huugawa wakati katika miraba iliyo sawa. Aghalabu hufunguka zikiwa tayari na mapigo 120 kwa dakika, manne katika kila fungu, na noti inayopigwa nje kidogo ya mraba yaweza kuvutwa ndani kwa amri moja. Hakuna aliyekusudia kufanya hivyo kuwa sheria ya ibada. Lakini mtu aliye peke yake na mashine huanza na kile anachokikuta mezani, na wimbo ambao kijijini ungeimbwa kwa mapigo matatu yanayokumbatiana na mawili hutoka ukiwa na manne kwa sababu tu manne yalikuwa tayari.

Sauti ilifuata diski zilipopanuka. Digidesign ilitoa mtambo wake wa Pro Tools mwaka 1991, kwa bei iliyowafaa wenye studio. Mwaka 1996 Cubase VST ilionyesha kwamba kompyuta yenyewe, bila ya mitambo ya ziada, ingeweza kuchanganya njia nyingi za sauti. Programu ya Audacity, isiyolipiwa, ilitolewa mwaka 2000, na GarageBand ya Apple mwaka 2004. Katika muda wa miaka minane hivi kazi iliyohitaji jengo ikawa kazi ya meza. Amri ya kunakili na kubandika, ambayo karani alikwisha kuizoea katika barua zake, sasa ilifanya kazi juu ya pumzi ya mwanadamu.

Tatizo moja la kiufundi la miaka hiyo lina maana kubwa kwa mwanaisimu. Kompyuta huipokea sauti kwa mafungu, huyahesabu, kisha huyarudisha. Kwa hiyo mwimbaji aliyevaa vipokea sauti masikioni hujisikia kwa kuchelewa. Kuchelewa huko katika kompyuta za nyumbani za miaka ya 1990 kuliweza kufikia sehemu ya kumi ya sekunde, au zaidi. Tangu mwaka 1950, majaribio ya Mmarekani Bernard Lee yamejulikana: msemaji anayerudishiwa sauti yake baada ya takriban moja ya tano ya sekunde huanza kugugumiza, huvuta silabi, na hata hupandisha sauti kwa hasira. Waimbaji wengi wa nyumbani waliokutana na hali hiyo waliizima sauti yao wenyewe na kuimba bila ya kujisikia, wakifuata muziki tu. Steinberg, watengenezaji wa Cubase, walitoa mwaka 1997 utaratibu uitwao ASIO ambao uliupunguza muda huo, na tatizo likaanza kusahauliwa.

Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba kanisani nako kuna kuchelewa. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Katika jengo lenye urefu wa mita 20, mwito wa aliye mbele humfikia wa nyuma baada ya takriban sehemu sita za mia za sekunde, na jibu lake huhitaji muda kama huo kurudi. Kwa hiyo hakuna kiitikio cha kanisa kilichopata kuwa sawasawa. Upana wake, ule unaomfanya msikilizaji ajue bila ya kutazama kwamba watu ni wengi, umetokana na kuchelewa huko kwa namna mbalimbali. Kompyuta ilifanya juhudi kubwa kuuondoa ukosefu huo wa ulinganifu, kisha watengenezaji wa programu wakaongeza kitufe cha kuurudisha kwa kubahatisha, na wakakiita kitufe cha kufanya muziki uwe wa kibinadamu.

Isidhaniwe kwamba kazi zilizotokana na vyombo hivyo ni hafifu kwa hali zote. Huko Brooklyn, mchungaji wa Kipresbiteri Vito Aiuto na mkewe Monique, ambao hawakuwa wanamuziki kwa kazi, waliimba tenzi za zamani nyumbani kwao mpaka rafiki yao Sufjan Stevens akawasaidia kutoa albamu mwaka 2008 kwa jina la The Welcome Wagon. Stevens mwenyewe alikuwa na desturi tangu mwaka 2001 ya kutengeneza nyimbo za Krismasi kwa ajili ya jamaa na marafiki, miongoni mwazo zikiwemo tenzi za kanisani, na mwaka 2006 akazikusanya zikawa nyimbo 42. Ni fundi wa kupanga sauti safu juu ya safu. Lakini katika albamu ya Aiuto na mkewe jambo linalovutia si safu hizo. Ni kwamba sauti mbili za kawaida, zisizopambwa, huongoza, na marafiki wakaitwa kuitikia. Waliotengeneza albamu hiyo walitambua kwamba jibu lahitaji watu wengine.

Katika Afrika ya Mashariki kompyuta ilikuta kaseti ikiwa katika kilele cha nguvu zake. Kwaya za Tanzania zilikuwa zikisikika katika matatu za Nairobi, na kaseti zilinakiliwa vibandani pasipo idhini ya mtu. Katika miaka ya 2000 kompyuta zilizotumika zilishuka bei, na programu ya Kibelgiji iliyoitwa FruityLoops, ambayo tangu mwaka 2003 huitwa FL Studio, ikaenea katika vyumba vya mjini, mara nyingi kwa nakala zisizolipiwa. Chumba cha kulala kilitundikwa magodoro na mablanketi ili mwangwi usisikike. Kijana mmoja alijenga mapigo. Mwimbaji akaja, akaimba beti, akaimba kiitikio mara moja katika sauti tatu, akaondoka.

Faida yake ni kubwa, na wenye kuilaumu teknolojia hii hawaitaji ipasavyo. Mtunzi wa chumbani hafasiri. Hana tuni ya kigeni ya kuitunza, hana kamati ya kitabu cha nyimbo. Huanza na neno lake mwenyewe, na neno hilo huja na mkazo wake. Basi "Mwokozi" na "mbinguni" zimerudia kutamkwa katika nyimbo hizi kama zinavyotamkwa sokoni, jambo ambalo karne nzima ya vitabu haikuliweza kwa ukamilifu. Howard Olson, mmisionari Mlutheri wa Makumira, alikuwa amelijaribu kwa njia nyingine alipokusanya tuni za Kitanzania katika Tumshangilieni Mungu. Vijana wa kompyuta wamelifanya bila ya kukusudia. Katika lugha za mama hali ni hiyo hiyo. Mtu anayetunga kwa lugha ya toni akiwa peke yake chumbani husikia mara moja neno linapopindishwa, na hana wa kumwomba ruhusa ya kuibadili tuni.

Hasara yake imejificha mahali ambapo faida haigusi. Wimbo uliotengenezwa hivyo haubaki chumbani; hurudi kanisani. Mwimbaji husimama mbele na kuimba juu ya muziki wake uliokwisha kunaswa, desturi ambayo imepata jina la pleibeki, na ndani ya muziki huo kiitikio kimo tayari, kwa sauti yake mwenyewe mara tatu. Waumini wanaotaka kujibu hukuta nafasi yao imekaliwa. Wakichangamka na kutaka kurudia, muziki haungoji. Ubeti wa pili unaanza kwa sekunde ile ile uliyopangiwa. Zamani mwimbishaji aliweza kuliona kanisa limewaka, akaurefusha mwito, akatunga mstari papo hapo, akamtaja aliyefiwa. Ufundi huo, ambao katika ngoma humpa manju heshima yake, hauna mlango wa kuingilia katika wimbo ambao urefu wake umekwisha kuandikwa kuwa dakika nne na sekunde kumi na mbili. Si kila mwimbaji anayekubali kufungwa hivyo. Wapo wanaoagiza nakala ya pili isiyo na sauti zozote, na wapo wanaomwambia fundi wa mitambo auzime muziki baada ya ubeti wa mwisho ili kiitikio kiendelee kwa makofi. Mbinu ya pili hufaulu zaidi, hasa pale mpiga ngoma anapokuwa karibu.

Mwaka 2020 ulileta jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Makanisa yalifungwa katika nchi nyingi kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, nchini Kenya tangu mwezi wa Machi. Walioimba pamoja walitaka kuendelea, na wakagundua kwamba mtandao hauwezi kuibeba kwaya: sauti huchelewa njiani, na kila mmoja akimngoja mwenzake wimbo hupungua kasi mpaka unasimama. Ikabidi warudie njia ya Mary Ford. Kila mmoja alijinasa nyumbani kwa simu, kisha mtu mmoja mwenye kompyuta akazipanga sauti zote. Mtunzi Eric Whitacre alikuwa amekwisha kuonyesha njia hiyo mwaka 2010 kwa waimbaji 185 kutoka nchi 12. Mwezi wa Mei 2020 makanisa zaidi ya 65 ya Uingereza yalitoa kwa namna hiyo wimbo mmoja wa baraka, na kwaya za huku kwetu nazo zikatoa zao.

Katika kazi hizo kiitikio hakikuwa nakala ya sauti moja. Kilikuwa na koo nyingi, na vyumba vingi vilisikika ndani yake. Lakini ili kumpata kila mwimbaji katika wakati mmoja ilibidi wote wafuate sauti ya mwongozo iliyonaswa mapema na kutumwa kwao, kwa hiyo kila mwitikiaji alimjibu mtu ambaye alikuwa amekwisha kumaliza kuimba. Makanisa ya Kenya yalipofunguliwa tena mwezi wa Julai 2020, masharti yaliruhusu watu 100 kwa ibada moja isiyozidi saa moja, na mahali pengi mwimbishaji alisimama mbele ya viti vilivyotengana, akatoa mwito kupitia barakoa, akangoja.